Hii Si Tumbaku

Januari 3

Miaka yote ya kazi nilikuwa naandika andalio la somo kila jioni. Tangu nistaafu mkono unaniwasha. Basi nimeamua msimu huu wa tumbaku niuandike, na atakayesoma atanikuta vile vile nilivyo, sijipaki poda. Mimi ni Mwalimu Suzana, mjane, mkulima wa tumbaku huku njia ya Ulyankulu. Nusu ya watu wazima wa kijiji hiki niliwafundisha kusoma. Nawajua mpaka mwandiko.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, mwanangu Modest, mpole kupita kiasi, amemchukua marehemu baba yake, na mkewe Asmahani, mtoto wa mjini Tabora, kwao wanauza vitambaa tangu enzi za mababu. Walifunga ndoa bomani mwaka jana, kila mmoja na dini yake, na mimi sikusema kitu. Haya, nilisema kidogo. Asmahani ana mimba ya kwanza, mwezi wa sita sasa. Mvua ni nzuri na tumbaku imesimama shambani mpaka unaitamani.

Januari 6

Mchumo wa kwanza, majani ya chini. Nilimwambia Asmahani akae kivulini afunge majani kwenye fito. Hakutaka. "Mama, watasema umeletewa mkwe wa kuangalia." Akaingia shambani na umande wote ule. Kufika saa nne yuko chini, anatapika, kichwa kinamuuma, dunia inazunguka.

Hilo halikunitisha. Ukichuma jani bichi lenye maji, sumu yake inaingia kwenye ngozi, na mgeni hulewa hata kabla hajamaliza tuta. Nikamwosha, nikampa maziwa, nikamlaza. Jioni anacheka. "Mama, hii tumbaku yenu inanikomesha." Mikono yake ilikuwa myeusi kwa ulimbo wa majani mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia huo hautoki kwa sabuni, unatoka kwa subira.

Januari 7

Misa. Padri amechoka, mahubiri mafupi, tumemshukuru.

Januari 12

Ijumaa. Bi. Mwanahawa, mama yake Asmahani, amepiga simu baada ya swala. Salamu ndefu, kisha akapiga msumari. "Mwalimu, mwanangu anakuja lini? Mwezi wa saba ukiingia, mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama kujifungua. Ndivyo tulivyo."

"Na sisi ndivyo tulivyo," nikamwambia. "Lakini mchumo uko katikati. Tumbaku ikitoka namleta mwenyewe."

"Kwani mimba inasubiri tumbaku, Mwalimu?"

Nikasema mtandao wa huku ni mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Yule mama anaongea kama anapima kitambaa, kila neno analivuta.

Januari 15

Mvua tangu asubuhi. Nimeshona magunia.

Januari 19

Kliniki. Zahanati iko ng'ambo ya mbuga, lile bonde letu la tope, na mbuga imeanza kushika maji, tukavua viatu. Nesi ni Adelina. Huyu Adelina nilimfundisha darasa la nne, mdomo kama cherehani, haukai. Leo kavaa nyeupe na kunipanga foleni kama sijawahi kumshika mkono akaandika herufi.

Akampima Asmahani. Presha imepanda kidogo, arudi baada ya wiki mbili, asikose. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, akiumwa kichwa kisichoisha, akiona nyota nyota, akivimba uso, mlete siku hiyo hiyo. Rudia nilivyosema."

Nirudie! Mimi! Nikamwambia, "Adelina, kurudia nilikufundisha mimi." Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Asmahani ndiye aliyerudia, neno kwa neno, taratibu, kama mwanafunzi mzuri. Njia nzima nilikuwa nimevimba kwa hasira.

Januari 27

Tumewasha bani, nyumba yetu ya kukaushia tumbaku. Majani yananing'inia mle ndani mpaka kwenye paa, na tanuru limeshika vizuri. Kuanzia sasa Modest anaishi pale. Huku kwetu bani likishawashwa, mwenye bani haitwi. Si kwa harusi wala kikao. Hata msiba wa jirani, watu wanamwombea udhuru. Moto ukipanda ghafla jani linaungua, ukishuka linageuka jeusi, na kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Hilo hatufundishani shuleni, tunazaliwa nalo.

Februari 2

Siku ya kliniki. Mbuga imejaa, maji yanafika kiunoni. Asmahani alikuwa ameshavaa na kadi iko mkononi. Nikamwambia avue, tutakwenda maji yakipungua, kliniki haikimbii. Akasema, "Sawa, Mama." Modest alitoka banini mara moja kunywa uji, akaniangalia, akaangalia mbuga, akarudi kwenye moto wake.

Bi. Mwanahawa kapiga. Sikupokea.

Februari 5

Viatu vya Asmahani havimwingii. Anatembelea ndala za Modest, anaburuza uani kama bata. Pete imeng'ang'ania kidoleni. Nilimwambia ni kukaa kitako, miguu inataka kazi. Yeye anakaa siku nzima na fito zake anafunga majani, na kusema kweli mafundo yake ni mazuri kuliko ya Modest.

Februari 8

Mchumo wa tatu, majani ya katikati, ndiyo yenyewe haya. Asmahani amefunga mpaka fito zimeisha.

Februari 9

Kichwa kinamuuma. Tumbaku ya jana. Nimempa maziwa.

Februari 11

Jumapili. Bani limejaa na moto umewashwa, shamba linapumzika. Asmahani kwa kukosa la kufanya amejipaka hina aliyoletewa na mama yake. Maua mpaka kwenye viganja. Akaniomba na mimi nipake. Nikamwambia mwalimu mstaafu na mjane apakwe maua amchekeshe nani? Akacheka, kisha akashika kichwa.

Februari 12

Leo kaamka uso umejaa. Nikamwambia amenawiri, chakula cha shamba kimemkubali. Sayi, jirani yetu, alipita na baiskeli akasema, "Mwalimu, mkwe wako anapendeza." Nikafurahi mimi.

Februari 14, Jumatano ya Majivu

Naandika haya siku ya pili yake, nimekaa kwenye benchi la hospitali mjini, lakini mambo ni ya jana na acha yakae kwa tarehe yake.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika, kanisani hatukwenda. Modest yuko banini. Majani yalikuwa yamegeuka manjano safi, ndiyo siku ya kupandisha moto mishipa ikauke, siku mwenye bani hafumbi jicho. Nikasikia Asmahani anatapika. Nikamchukulia maziwa.

"Mama, siyataki. Naona nyota."

"Kunywa. Tumbaku itatoka."

"Na hapa panauma," akashika chini ya mbavu.

"Kunywa, mwanangu, nimekwambia." Nikamshika mkono nimpe kikombe. Na hapo ndipo nilipouona ule mkono. Maua ya hina yote yanaonekana, hata yale madogo ya kwenye vidole. Kucha safi. Kiganja nacho safi kati ya maua. Mkono wangu uliokuwa juu ya wake ulikuwa mweusi kwa ulimbo kama sufuria. Tangu Alhamisi iliyopita yule mtoto hajagusa jani. Hajaingia shambani, hajasogea banini. Ulimbo wote ulishamtoka.

Nikasema kwa sauti, "Tumbaku ipi? Tumbaku ipi, Suzana?"

Nikainua macho nikamtazama usoni, nikamtazama kweli kweli. Macho yalikuwa madogo, yamezama kwenye uvimbe. Huyu hakunawiri. Huyu alikuwa anaumwa mbele ya macho yangu siku zote hizo na mimi namnywesha maziwa.

Nikampigia Adelina. Hakunisalimu. Akauliza kichwa, macho, tumbo, uso, na uso umevimba tangu lini. Nikasema tangu juzi.  

"Mwalimu, hiyo ni presha ya mimba. Mleteni sasa hivi. Sindano ninayo. Alazwe ubavu, wa kushoto, asilale chali. Mkisubiri maji yapungue mtaniletea maiti. Rudia."

Nikarudia. Neno kwa neno.

Nikakimbia banini bila viatu. Modest alikuwa anasukuma gogo. Nilipomwambia, akasimama na gogo lake. "Mama, na moto?"

"Moto hauna mimba! Mkeo anakufa!"

Akaliacha gogo nusu ndani nusu nje, akanipita mbio. Sikuwahi kumwona Modest anakimbia tangu akiwa mtoto.

Lakini mtu mmoja hawezi kumvusha mgonjwa kwenye mbuga iliyojaa. Pikipiki haipiti, baiskeli haipiti. Ni kitanda cha kamba na mabega ya wanaume, na wanaume wote wako kwenye mabani yao. Mwenye bani haitwi. Mimi mwenyewe msimu wa juzi nilimfukuza mtu aliyekuja kumwita Modest kwenye kikao cha ukoo. Nikaenda kwa Sayi. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya tanuru.

"Mwalimu, shikamoo. Nimepandisha moto, hapa nikiondoka..."

"Sayi, simama!"

Akasimama wima, mikono mapajani, mtu mzima na ndevu zake. Nikamwambia Asmahani yuko hali mbaya, twende. Anton, jirani yetu mwingine, alikuwa anachungulia kutoka bani la pili, na Sadiki mwenzake nyuma yake, wanatazamana kila mmoja anasubiri mwenzake akatae. Hapo nikachemka.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo! Kwa miguu! Mali ya watu wasiowajua! Na nyie mnashindwa kumvusha mtoto wenu mbuga moja?"

"Mwalimu," akasema Anton, "hatujakataa. Tunatafuta mashati."

Kumbe Levina, mke wa Sayi, alishasikia. Akatokea na mzigo wa kuni kichwani, akautua mbele ya tanuru. "Nendeni. Mabani yenu tutayalinda sisi." Akaanza kuwapigia kelele wenzake kwa Kinyamwezi, na wanawake wakatoka majumbani na kanga kichwani. Bani langu tu halikuwa na wa kulilinda, ndilo lililo mbali. Sikumwambia mtu.

Wakamlaza Asmahani ubavu wa kushoto kwenye kitanda, Modest na Sayi mbele, Anton na Sadiki nyuma. Mimi pembeni nimemfunika uso na kitenge kwa ajili ya mvua. Kufika katikati ya mbuga maji yako kwapani kwao, kwangu mimi mfupi yako shingoni. Nikakanyaga shimo nikazama, Sayi akanivuta kwa ukosi bila kuachia kitanda. Asmahani akasema, "Mama yuko wapi?" Sijui alimtaka yupi kati yetu. Nikajibu, "Niko hapa."

Kisha kitanda kikatikisika. Nikadhani Sadiki kateleza. Hakuna aliyeteleza. Alikuwa ni yeye, mwili wote unakakamaa na kupigapiga, macho yamegeuka, povu mdomoni. Modest akalia kama mtoto. Anton akaanza kuomba kwa sauti, anakemea shetani.

"Si shetani!" nikapiga kelele, maji yananiingia mdomoni. "Ni presha! Mshikeni asianguke, twendeni!"

Niliogopa. Niandike hivyo hivyo, niliogopa. Nimefukuza nyoka darasani na nimemzika mume, lakini sijawahi kuogopa namna ile.

Adelina alikuwa anatusubiri ukingoni, kaingia majini mpaka magotini, gauni jeupe limekuwa tope. Tukamfikisha zahanati. Akamchoma sindano moja kila tako, akamweka dripu, akamshika taya asijing'ate ulimi, na wakati wote mdomo wake uko kimya. Gari la dharura alishaliita kabla hatujavuka. Njia nzima mpaka mjini alikaa amemshika Asmahani mkono, anahesabu pumzi. Nilimtazama yule msichana nikajiuliza miaka ile darasani nilikuwa namwona nani.

Hospitali wakampokea mbio mbio wakaingia naye ndani kumpasua. Bi. Mwanahawa alikuwa ameshafika, na kanga mbili na chupa ya chai. Modest ndiye aliyempigia. Nikasema, "Mzazi mwenzangu..." Akaniangalia kuanzia kwenye matope ya nywele mpaka kwenye miguu mitupu. Akakunja kanga moja, akaniwekea magotini, akaenda kukaa benchi la mbele. 

Mtoto ni wa kike. Mdogo, mdogo sana. Analia lakini.

Asmahani hajaamka.

Februari 15, jioni

Hajaamka.

Februari 16

Daktari kasema presha inashuka na degedege halijarudi. Nimemuuliza atapona? Kasema leo anaendelea vizuri kuliko jana. Sipendi majibu ya namna hiyo lakini nimeyapokea.

Modest kapigiwa simu na Sayi. Bani letu limekwisha, majani yote meusi. Yao yamepona, wanawake waliyalinda vizuri kuliko wenyewe. Modest kanipa habari akiwa anatazama chini, anadhani nitazimia. Nikamwambia, "Tumbaku? Hebu nenda kamtazame mkeo."

Februari 17

Kaamka! Kafungua macho akaomba maji. Akashika tumbo, akalikuta halipo, akaanza kulia kwa hofu. Hakumbuki kitu. Mbuga hakumbuki, kitanda hakumbuki, kujifungua hakumbuki. Cha mwisho anachokikumbuka ni hina. Bi. Mwanahawa akamwambia, "Mwanao yuko hai, tulia, nakuletea habari zake." Na mimi nikatoka nje nikaegemea ukuta nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa. Akanipisha njia.

Februari 20

Mtoto anatakiwa akae kifuani, ngozi kwa ngozi, ndipo anapata joto la kumkuza. Asmahani bado dhaifu, anaweza kidogo tu. Muuguzi akaja kwetu akasema, "Bibi mmoja avue blauzi." Mimi! Nimesahihisha mitihani ya mkoa mzima, leo nivue blauzi wodini. Nikavua. Akaniwekea yule mtoto kifuani, kofia kichwani, mwepesi kama jani lililokauka, akanifunga na kanga. Moyo wake unakwenda mbio, wangu nao ukawa unakwenda mbio.

Bi. Mwanahawa anachukua zamu ya pili. Ndipo alipoanza kuongea na mimi, maana wanawake wawili wenye vifua wazi hawawezi kununiana muda mrefu. Alianza kwa kuniambia nakaa vibaya, mtoto anapinda shingo. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema, "Mwalimu wa nini? Hebu nyoosha mgongo."

Februari 24

Mtoto ameongezeka. Kidogo, lakini mizani haina upendeleo.

Februari 28

Leo Asmahani amekaa kitandani mwenyewe, mtoto kifuani pake, anamnyonyesha. Akaniuliza, "Mama, nilianza kuumwa lini kweli? Mimi nakumbuka kichwa tu."

Ningeweza kusema Jumatano. Hakumbuki, Modest hasemi, nani angenibishia? Nikaweka chupa ya chai chini nikamwambia yote. Kwamba siku ya kliniki nilimvua nguo zake za safari. Kwamba alivimba miguu nikasema kukaa kitako, akavimba uso nikasema amenawiri, kichwa nikasema tumbaku. Kwamba mama yake alimwita na mimi nikakata simu. Bi. Mwanahawa alikuwa amekaa palepale. Nilisema bila kumtazama.

Asmahani alimfunga mtoto kofia. Kisha akasema, "Mama, yale maneno ya nesi nilikuwa nayajua. Si niliyarudia mimi mwenyewe? Kila siku niliyakumbuka. Lakini wewe ulisema ni tumbaku, nikasema Mwalimu ndiye anayejua."

Hakusema kwa ubaya. Heri angenitukana. Nimeishi kwa kusadikiwa na watu, nimejivunia jambo hilo, na huyu mtoto alinisadiki mpaka akataka kufa.

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," akasema. Kisha akafikiri. "Lakini mimba nyingine, Mama, nikisema naumwa, naumwa."

"Ukisema unaumwa, unaumwa."

Bi. Mwanahawa akamimina chai, akanipa mimi kwanza. "Nilikuwa nasubiri uyaseme mwenyewe," akasema. "Ungekaa kimya, nisingekuruhusu umguse tena mjukuu wangu." Alikuwa anamaanisha. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na tangawizi kupita kiasi na sikusema kitu.

Machi 4

Mtoto kaitwa Tunu. Nilikuwa na jina langu, sikuulizwa.

Machi 13

Wametoka hospitali. Asmahani na Tunu watakaa kwa Bi. Mwanahawa mpaka arobaini iishe na zaidi, presha yake ipimwe huko huko. Ramadhani imeanza jana. Modest anakwenda na kurudi. Mimi nimerudi shambani, kuna majani ya juu ya kuchuma, yatatutoa kidogo. Nimepita zahanati kwa Adelina. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya shukrani. Nilipofika nikamkuta anafokea foleni, nikaingia mwisho wa foleni nikakaa. Aliponiona akacheka mpaka akaangusha kalamu.

Machi 17

Kikao cha wakulima. Ajenda ilikuwa mbolea. Nikasimama nikasema kuanzia msimu ujao mwenye bani anaitwa, kwa jambo moja: mwanamke mwenye mimba anayeumwa. Wengine watalinda moto wake. Mzee mmoja akasema hayo si ya kikao cha mbolea. Nikamwambia akae chini. Sadiki akaunga mkono, Anton akaunga mkono, ikaandikwa.

Machi 21

Leo nilipita kwa Sayi asubuhi, nikamkuta Levina kaegemea ukuta wa jiko, ndoo mbele yake, anatapika. Ana mimba changa, ilikuwa haijatangazwa bado lakini mimi nina macho. Kichwa kinamgonga, anasema, na dunia inazunguka.

"Mwalimu, mwangaluka," akanisalimu Sayi kwa Kinyamwezi. "Usihangaike. Ni tumbaku. Kachuma na umande tangu alfajiri, tulikuwa naye shambani sote."

Na ilikuwa tumbaku. Mimi naijua tumbaku kuliko Sayi na baba yake. Rangi ile ya uso, jasho lile la baridi, namna ile ya kukamata kichwa, ningeweza kuapa mbele ya msalaba. Nikamwambia Sayi atoe pikipiki.

"Mwalimu, si nimekwambia..."

"Umeniambia. Itoe."

Mbuga imekauka nusu, tukavuka tukisukuma, Levina katikati na ndoo yake. Adelina akampima presha, akampima mkojo, akamwangalia macho na miguu. Presha nzuri. Mkojo safi. Akavua vile vidude masikioni. "Mwalimu, huyu kalewa tumbaku tu. Mpeni maziwa."

Sayi akanitazama. Majani yake yamelala shambani, siku imeliwa, mafuta ya pikipiki yamekwisha. Nikamwomba Adelina apime tena. Akapima tena. Ni tumbaku.

Tukageuza kurudi, Sayi mbele. Tulipofika ukingo wa mbuga, Levina akageuza kichwa, bado rangi haijamrudia vizuri. "Mwalimu, na kesho kikiniuma tena?"

"Kesho tunakuja tena," nikamwambia.

Sayi akaguna. Kisha akavua viatu, akashika usukani, akasema nishike nyuma nisukume.